Kutoka Mkuranga hadi Mwanza: Siku Nane za Kutazama Samaki Wanapofugiwa

Siku ya kwanza, Jumamosi: Mkuranga na pwani ya Kisiju

Safari hii imetokana na shimo. Mwaka jana mimi na kaka yangu tulikodi katapila, tukachimba bwawa la mita 20 kwa 10 katika shamba letu la urithi huku Mkuranga, katikati ya mikorosho, juu kidogo ya bonde. Tulivuta maji ya kisima kwa pampu ya petroli kwa siku nne mfululizo, yakafika kiunoni, tukafurahi, tukaenda kulala. Kila asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamepungua shubiri nzima. Bwawa la ukubwa huo likishuka sentimita 20, lita 40,000 zimezama mchangani kwa usiku na mchana mmoja, sawa na maboza manne ya lita 10,000. Vifaranga wa sato tuliokuwa tumekwisha kuwalipia ilibidi tumwachie mfugaji mwingine kwa bei ya hasara, na tangu hapo shimo limekuwa mahali pa mbuzi kujikinga na upepo.

Nimechukua likizo ya Julai kwa nia ya kutochimba tena, wala kufukia, kabla sijaona kwa macho yangu wafugaji wadogo wenzangu wanafugia samaki katika nini na kwa sababu gani. Nimeanzia jirani kabisa, upande wa Kisiju, ambako kikundi kimoja kinafuga mwatiko katika mabwawa ya maji ya bahari.

Nilipangiwa kufika saa kumi alasiri, na nilipouliza sababu nikaambiwa kwamba ni siku za bamvua, yaani bahari inapojaa sana kwa kufuata mwezi. Mabwawa yenyewe yamechimbwa nyuma ya mikoko, kwenye uwanda mtupu wa chumvi ambao hauoti kitu, kwa kuwa mikoko haikatwi bila kibali na pia kwa kuwa ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi yasibomoe matuta. Mlango wa maji ni fremu ya mbao yenye mifereji miwili ya wima: katika mmoja hushushwa wavu wa matundu madogo, katika mwingine hupangwa mbao moja juu ya nyingine. Bahari ilipofika mlangoni, mzee aliyekuwa zamu alichomoa mbao tatu za juu, maji yakaingia kwa kishindo yakipita kwenye wavu, na majani, vijiti na samaki wala wenzao wakabaki nje. Maji yalipoanza kupwa alizirudisha mbao zake, akazigonga kwa kisigino cha panga, akapaka tope kwenye nyufa.

"Sisi hatununui petroli, mwanangu," alisema. "Pampu yetu ni mwezi."

Kina cha maji kilinishangaza, kwani kilizidi kidogo tu goti la mtu mfupi, kama sentimita 50 hivi. Mwatiko hula utando wa mwani unaoota juu ya tope, na utando huo huhitaji jua lifike chini. Bwawa likichimbwa kina kirefu kwa tamaa ya maji mengi, chakula hicho cha bure hakioti. Vifaranga wenyewe huokotwa kwa vyandarua katika vidimbwi vinavyobaki ufukweni maji yanapokupwa. Shida yao kubwa ni udongo wa mikokoni, ambao ukichimbuliwa na kukauka huwa mchachu, kwa hiyo bwawa jipya lazima lioshwe kwa maji ya bamvua kadhaa kabla ya kupokea samaki. Shida ya pili ni kaa. Hutoboa matuta usiku, na ndiyo maana mwenye zamu huyazunguka kila alfajiri akiwa na jembe begani.

Shamba letu liko mbali na bahari, hivyo mlango wa mbao hautatufaa. Hata hivyo niliandika jambo moja kwenye daftari: hawa walijua maji yatatokea wapi kabla hawajajua yataingilia wapi, maana mbao zikiondolewa bahari inapokupwa, bwawa lao lote hukauka, na samaki huvunwa kwa mikono katika handaki dogo karibu na mlango.

Siku ya pili, Jumapili: Dar es Salaam, nyuma ya nyumba

Mwenyeji wangu wa leo ni mwalimu mstaafu anayeishi Mbagala. Uwanja wa nyuma ya nyumba yake hautoshi kuegesha gari mbili, na humo amejenga matangi matatu ya matofali yaliyopigwa plasta, kila moja mita 4 kwa 2 na kina cha mita moja, yaani lita 8,000. Anafuga kambale tu. Nilipomwuliza kwa nini hafugi sato, ambao bei yao ni nzuri zaidi, hakunijibu kwa maneno. Aliniambia nisimame pembezoni mwa tangi nisubiri. Baada ya muda mfupi samaki mmoja alipanda, akafungua mdomo juu ya maji, akameza hewa, akazama. Akafuata wa pili, kisha wengine watano kwa mpigo.

Kambale ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa, kwa hiyo hustahimili msongamano na maji yenye oksijeni kidogo ambayo yangemwua sato kabla ya jua kuchomoza. Katika tangi lisilo na mashine ya kupuliza hewa, na katika mtaa ambao umeme hukatika bila kuaga, tofauti hiyo inatosha kuamua aina ya samaki. Mwalimu huweka kambale kama 50 kwa kila mita ya ujazo, naye hubadilisha nusu ya maji kila baada ya siku mbili. Maji ya bomba huyalaza kwanza katika pipa usiku kucha ili klorini iondoke.

Tangi la saruji lina tabia zake. Likiwa jipya hutoa uchungu wa chokaa unaochoma matamvua ya samaki, na wafugaji wengi wasiolijua hilo hupoteza kundi lao la kwanza lote. Mwalimu aliyajaza na kuyamwaga mara tano, akiloweka ndani yake vigogo vya migomba iliyokatwakatwa, kwa muda wa wiki tatu. Pembe nne za tangi la mstatili hukusanya uchafu, na amekiri kwamba kama angeanza upya angejenga la duara lenye sakafu inayoteremka kuelekea katikati, kwa kuwa maji yakiingizwa kwa pembeni huzunguka na kuusukuma uchafu wenyewe kwenye tundu la kutokea. Jambo jingine ni kuchambua. Kila baada ya wiki mbili yeye na mjukuu wake huwapanga kambale kwa ukubwa katika mabeseni, maana kambale mkubwa humla mdogo bila kuona haya. Nilishika mmoja vibaya, akanichoma kwa mwiba wa pezi la kifuani, na hadi ninapoandika haya kidole bado kinapwita.

Maji machafu yanakwenda wapi? Yanakwenda kwenye vitalu vya mchicha na matembele vilivyopangwa kando ya ukuta, na mchicha huo, kwa maelezo yake, ndio unaolipa ankara ya maji. Kabla ya kuvipanda alikuwa akiyamwaga mferejini, harufu ikapanda, majirani wakaenda kwa mjumbe. Nisingependa kuwasimanga majirani hao, kwa sababu nilinusa tangi moja lililokuwa limechelewa kubadilishwa.

Siku ya tatu, Jumatatu: Morogoro

Nimepanda treni ya umeme asubuhi, na kabla jua halijawa kali nilikuwa Morogoro. Nilipita kwanza Kingolwira, nje kidogo ya mji, penye kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji, ambako wafugaji wengi wa ukanda huu hununua vifaranga. Kitu kilichonivutia huko kilikuwa kidogo kuliko vyote: kifaa kiitwacho "hapa", ambacho ni kisanduku cha wavu laini kama chandarua, kinachofungwa kwenye vigingi vinne ndani ya bwawa kubwa, kikiwa wazi juu. Ndani yake hutunzwa wazazi ili wazae, au vifaranga wachanga wasiliwe na kutawanyika. Mfugaji mdogo asiye na bwawa la pili anaweza kulelea vifaranga wake humo hadi wakomae kidogo, kwa gharama ya kitambaa cha wavu na kamba, nami sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa sauti zaidi.

Mchana wote uliobaki nilikuwa kwa mzee mmoja anayefuga sato miguuni mwa milima ya Uluguru. Nimekaa kwake zaidi ya nilivyokusudia, na ningekaa tena. Ana mabwawa matatu ya udongo, kila moja mita 15 kwa 12, yaliyochimbwa kwa majembe na koleo na vijana wa kijiji. Maji huletwa na mfereji kutoka kijito, na kila bwawa lina njia yake ya kuingizia maji. Kwa kuwa nilikuwa nimeona picha nyingi za mabwawa yaliyopangwa kama ngazi, ya juu yakimwagia ya chini, nilimwuliza kwa nini hakufanya hivyo akapunguza mifereji. Alinijibu kwamba bwawa la juu likiugua, la chini litaugua kesho yake, na kwamba la mwisho huwa linakunywa kinyesi cha mengine yote.

"Shikamoo yako nimeipokea, na swali lako nimelisikia," aliniambia tulipokaa juu ya tuta. "Sasa na mimi nikuulize. Hilo bwawa lenu la Mkuranga, maji mlipanga kuyatolea wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulichimba shimo chini ya usawa wa ardhi, kama watu wanaochimba choo, na hata kama lingeshika maji tusingeweza kulikausha ila kwa pampu. Mzee hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kona ya bwawa la pili, akaingia majini hadi magotini, akanionyesha bomba la plastiki linalopita chini ya tuta na kuishia ndani ya bwawa kwa kiwiko, na juu ya kiwiko limesimama bomba jingine la wima lenye urefu wa kimo cha maji. Bomba hilo la wima likisimama, maji yakizidi kimo chake huingia mdomoni mwake na kutoka nje yenyewe. Likilazwa kidogo kidogo, bwawa hushuka kidogo kidogo. Likilazwa kabisa, bwawa hukauka. Alililaza kwa kadiri ya kiganja, tukapanda kutazama upande wa pili, na maji yalikuwa yakitoka kwenye mtaro, ya kijani kama mchuzi wa kisamvu, yakielekea kwenye shamba lake la mpunga.

Hakuna chuma wala mashine yoyote katika kazi hiyo. Sharti lake ni moja tu: ardhi iwe na mteremko, na kitako cha bwawa kiwe juu ya mahali maji yanapomwagikia.

Kuhusu udongo alinifundisha majaribio mawili ambayo nilistahili kuyajua kabla ya kumpigia simu mwenye katapila. La kwanza ni la mkono: chukua udongo wenye unyevu, ufinyange tonge, ulirushe juu kama nusu mita, ulidake. Likisambaratika, huo ni mchanga. Likidakwa likiwa zima, upo mfinyanzi wa kutosha kulifikiria. La pili ni la shimo: chimba hadi kifuani, ujaze maji asubuhi, ufunike kwa majani jua lisiyakaushe, ujaze tena jioni kwa sababu udongo mkavu lazima unywe kwanza, kisha uangalie alfajiri. Yakiwa yamebaki karibu yote, chimba bwawa. Yakiwa yameondoka, ondoka nayo.

Matuta yake yana mlalo mpole, hatua mbili za kulala kwa kila moja ya kupanda, na katikati ya kila tuta, chini kabisa, alichimba mtaro akaushindilia mfinyanzi mtupu ili maji yasipite kwa chini. Juu ya tuta hakuna mti hata mmoja, kwa kuwa mizizi ikioza huacha njia ya maji. Kuna nyasi fupi tu, na nyayo za kenge, ambaye mzee anamtaja kwa chuki ya mtu aliyeibiwa na ndugu. Upande mmoja una kina cha sentimita 80, upande wa bomba mita 1.2. Huweka sato watatu kwa mita ya mraba, wote madume, kwa sababu majike huzaa mapema na bwawa likajaa vidagaa visivyokua. Rangi ya maji huipima kwa mkono wake mwenyewe: huuzamisha wima, na kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, mbolea inatosha. Kikipotea mapema, huacha kuweka samadi, kwani maji yenye kijani kizito hukosa hewa alfajiri. Mwezi huu wa baridi samaki wake wanakula kidogo, naye amepunguza pumba na mashudu kuliko kuyaacha yaoze chini.

Siku ya nne, Jumanne: Dodoma

Treni tena, kisha bajaji. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 700 kwa mwaka, kijito hakuna, na maji yenyewe ni ya kisima kirefu yaliyolipiwa kwa umeme. Hapa bwawa la mzee wa Morogoro lingekuwa anasa. Wenyeji wangu, mume na mke wenye duka la vifaa vya ujenzi, wametandika shimo lao kwa karatasi nzito nyeusi ya plastiki, ile inayotumika kuhifadhia maji ya kumwagilia, na kingo zake wamezifukia katika mtaro wa kina cha nusu mita ili isichomoke.

Nilikuja nikiamini kwamba hili ndilo jibu la mchanga wetu, na kwa sehemu kubwa ndivyo lilivyo. Maji hayapotei isipokuwa kwa jua. Lakini plastiki huzuia pia yale mema ya udongo: chakula cha asili huota kidogo, uchafu wa samaki hauna mahali pa kumezwa, na hivyo mfugaji hutegemea zaidi chakula cha dukani na kubadilisha maji. Jiwe moja lenye ncha lililoachwa chini ya karatasi huondoa faida ya mwaka. Wao walitandika kwanza mchanga laini na magunia ya zamani.

Hatari nyingine hawakuifikiria hadi ilipowapata. Plastiki yenye unyevu huteleza kuliko sabuni, na mbuzi wao wawili walioshuka kunywa maji walishindwa kupanda, wakafa humo usiku. Siku iliyofuata baba wa nyumba alizungushia uzio wa miiba na kufunga kamba nne zenye mafundo zinazoning'inia hadi ndani ya maji. "Mbuzi hununuliwa," alisema, "lakini nina watoto watatu." Nimechora kamba hizo katika daftari langu kabla ya kuchora bwawa lenyewe.

Siku ya tano, Jumatano: njiani

Kutwa nzima ndani ya basi: Manyoni, Singida, mteremko wa Sekenke, Igunga, Nzega, Shinyanga. Kutoka bonde la Wembere na kuendelea nilihesabu malambo kupitia dirishani mpaka nikachoka. Yalichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na jirani yangu kitini, mwenyeji wa Nzega, alinieleza kwamba kijijini kwao walipanda vifaranga katika lambo, wakala samaki misimu miwili, kisha wakashindwa kukubaliana ni nani anunue kokoro na ni nani avue. Lambo halikaushwi na halina mwenyewe mmoja, hivyo hesabu ya samaki waliomo hubaki kuwa ya kukisia. Tuliingia Mwanza usiku.

Siku ya sita, Alhamisi: Mwanza, vizimbani

Nimeamka saa kumi na moja ili niwahi mtumbwi. Kikundi nilichotembelea kina watu tisa, wengi wao vijana waliokuwa wavuvi, na vizimba vinne katika ghuba iliyojificha nyuma ya miamba. Tangu Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua jijini hapa ugawaji wa boti na vizimba vya mkopo, vikundi kama hivi vimekuwa gumzo la Kanda ya Ziwa, na ghuba kadhaa sasa zina safu za mapipa ya bluu yanayoelea.

Kizimba ni fremu ya mabomba ya chuma, mita 6 kwa 6, iliyofungwa juu ya mapipa ya plastiki yaliyozibwa, na chini yake umening'inia mfuko wa wavu wenye kina cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 108, nao wameweka sato 5,000. Nje ya wavu huo kuna wavu wa pili mgumu zaidi wa kuzuia fisi maji, na juu umetandazwa wa tatu wa kuzuia mnandi, ndege mla samaki. Pembe zote zimefungwa nanga za magunia ya kokoto na saruji. Nilitaka kujua kina cha ziwa chini yake. Nahodha alifunga jiwe kwenye kamba yenye mafundo ya kila mita, akalishusha, tukahesabu mafundo tisa. Kati ya kitako cha wavu na tope la ziwa, kwa hiyo, kuna mita sita za maji yanayopita, nayo ndiyo yanayochukua kinyesi na mabaki ya chakula. Kizimba kikiwekwa kwenye maji mafupi kwa sababu ya uvivu wa kupiga kasia, samaki huishi juu ya jaa lao wenyewe.

Leo ilikuwa siku ya kupima. Binti mmoja alisimama kwenye ubao wenye upana wa kiatu, akatumbukiza wavu wa mkono, akawatoa sato wakirukaruka kama mafuta ya moto, akawamimina katika beseni lililotundikwa kwenye mizani. Walihesabiwa 30, wakapimwa kwa pamoja, uzito ukagawanywa: gramu 182 kila mmoja. Kutokana na namba hiyo wanajua kilo za chakula cha kuelea watakachotoa wiki hii, na chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya mtaji, kwa kuwa ndani ya kizimba sato hana mwani wa kutosha wala pumba ya kuokoteza. Nilishika tembe chache: zinanuka dagaa.

Uzuri wa kizimba ni kwamba hakuna anayechimba wala kuvuta maji. Maji huja yenyewe na huondoka yenyewe mchana na usiku. Ubaya wake ni huohuo. Miaka miwili iliyopita, katika ghuba ya jirani, upepo ulipinduapindua ziwa kwa siku kadhaa, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu, na alfajiri moja wakakuta vizimba vimetanda weupe wa matumbo ya samaki. Hakuna bomba la kufunga wala mlango wa mbao wa kushusha. Nahodha alinisimulia bila kupaza sauti, akiwa anasugua ukoga kwenye wavu kwa brashi, maana wavu ukiziba kwa ukoga hata maji mazuri hayapiti. Ongeza vibali vya mazingira, vya bonde la maji na vya uvuvi, na mlinzi anayelala kila usiku juu ya jukwaa la mbao akiwa na kurunzi na filimbi, kwa sababu wezi wa vizimba huja kwa kasia, si kwa injini.

Napenda kusema hapa jambo ambalo limenikera kwa muda. Mitandaoni zipo hesabu nyingi za mamilioni: weka vifaranga hivi, zidisha kwa bei hii, utajirike kwa miezi sita. Katika siku sita hizi sijamkuta mfugaji hata mmoja aliyeanza maelezo yake kwa bei ya samaki. Wote walianza kwa maji.

Jioni nilimpigia kaka simu, nikamwomba achimbe mashimo mawili ya kina cha kifua, moja kando ya bwawa lililokauka na jingine chini bondeni, ayajaze kesho asubuhi, ayafunike kwa majani ya migomba, ayajaze tena jioni. Akaniuliza kama nimetoka Mwanza na akili ya kuchimba mashimo zaidi.

Siku ya saba, Ijumaa: basi la Dar

Sina la kuandika ila kwamba kidole changu kimepona na miguu imevimba.

Siku ya nane, Jumamosi: Mkuranga

Nilifika shambani saa moja asubuhi. Shimo la juu lilikuwa kavu, majani ya migomba yamelala chini kabisa kama yamewekwa na mtu. Tulifunua la bondeni: maji yalikuwa yameshuka vidole viwili. Kaka aliingiza mkono, akatoa udongo wa kijivu unaong'aa, akafinyanga tonge, akalirusha, akalidaka zima. Alitaka tumwite mwenye katapila palepale.

Bibi jirani yetu, ambaye shamba lake limepakana na bonde, alikuwa amesimama kwenye mpaka akitutazama. Baada ya salamu alituuliza tunachimba nini, tukamweleza. Hakusema kitu. Alitembea hadi kwenye mwembe mkubwa ulio ukingoni mwa bonde, akaweka kiganja kwenye gome, juu kidogo ya kiuno chake. "Mwaka wa Elinino maji yalifika hapa," alisema. Kisha akainama taratibu, akagusa shina usawa wa goti. "Na masika ya kila mwaka ni hapa."

Nikawaza bomba la mzee wa Morogoro. Tukichimba bondeni, mdomo wa bomba utakuwa chini ya mafuriko kila masika, bwawa halitakauka tutakapotaka, na samaki watakwenda na maji. Kaka alileta mpira mwembamba wa mafundi, ule unaopitisha mwanga, tukaujaza maji, yeye akashika ncha moja kwenye alama ya goti, mimi nikapanda mteremko na ncha nyingine nikiiegemeza kwenye fimbo, hadi maji yaliposimama sawa pande zote mbili. Hapo nikapigilia kigingi. Kutoka kigingini nikapanda hatua sita zaidi ili pawe na mteremko wa kumwagia, nikapigilia cha pili. Kilisimama katikati ya yale mashimo mawili, mahali ambapo mchanga wa juu huanza kubadilika rangi.

Kaka alitema mate mikononi, akashika jembe, tukaanza kuchimba shimo la tatu.